Mkamuaji Aliyekataa Kulala Mbali na Ng'ombe Wake

Saa kumi na nusu alfajiri, Arlys Tollefsrud anagombana na ng'ombe.

"Sogea, Mabel! Sogea bwana, hapa si hotelini."

Mabel hasogei. Arlys anamsukuma kwa bega, anashika mfupa wa nyonga wa ng'ombe huyo, anavuta pumzi, kisha anajishusha taratibu hadi macho yake yalingane na kiwele. Goti la kulia linakunjika bila ubishi. La kushoto linalia, tena linasikika hadi kwa mwandishi aliyesimama pembeni, mlio wa mtu anayetafuna bisi ngumu.

"Umelisikia hilo?" anauliza bila kugeuka. "Hilo ndilo la Mungu. Lile lisilolia ni la kiwandani."

Anavalisha vikombe vya mashine kwenye chuchu nne, anainuka kwa kumparamia Mabel, na mara ameshafika kwa ng'ombe wa tatu. Huwezi kumhoji mwanamke huyu ukiwa umekaa. Unamfuata, unakanyaga usichotaka kukikanyaga, na swali lako unalimalizia mgongoni kwake.

Arlys ana miaka sitini na minne. Banda lake, maili chache kutoka mji wa Vang Prairie, Wisconsin, ni la mtindo wa zamani: ng'ombe hamsini na wawili wamefungwa kwa mistari miwili, na mkamuaji ndiye anayewafuata mmoja mmoja na kuwachuchumalia, asubuhi na jioni. Kwenye mashamba mapya mkamuaji anasimama wima na viwele vinamjia usawa wa kifua. Hapa ni magoti. Ameyatumia hivyo tangu alipoolewa akiwa na miaka ishirini na moja, na tangu mumewe, Milo, afariki miaka tisa iliyopita, hana mtu wa kudumu wa kupokezana naye.

Wakati anaolewa barabara hii ilikuwa na mashamba kumi na moja ya maziwa. Yamebaki mawili.

Leo hana utulivu kuliko kawaida, na sababu ipo. Kabla ya saa sita mchana anatakiwa kupiga simu kituo cha upasuaji cha mjini, aseme ndiyo au hapana kuhusu goti la kushoto. Nafasi yenyewe ni ya Jumanne. Akisema hapana anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ndefu kwa sababu wakulima wote wanataka kupasuliwa wakati wa baridi, kabla ya msimu wa kupanda.

Na akianguka tena bandani kabla zamu yake haijafika, ng'ombe wanauzwa wote. Hiyo si amri ya benki wala ya serikali. Ni ahadi aliyompa binti yake, Renae, anayeishi Arizona.

"Niliahidi kwa mdomo huu huu," anasema. "Nilikuwa nimelazwa, nimejaa madawa. Siku ile ungeniomba hata banda lenyewe ningekupa."

Jinsi alivyofika kwenye kitanda hicho ni kisa kinachochekwa bonde zima. Yeye peke yake ndiye hacheki.

Kwa miaka sita daktari alimwambia magoti yamekwisha, gegedu imelika, mfupa unasugua mfupa. Kwa miaka sita alijibu "sawa, asante" akarudi bandani. Si kwamba aliogopa kisu. Zamani ukibadilishwa goti ulilazwa hospitalini siku tatu, na Arlys hakuwa amelala mbali na ng'ombe wake tangu alipojifungua Renae, ambaye sasa ana miaka thelathini na minane.

"Harusi za wapwa wangu zote nimekwenda," anajitetea. "Nakula keki, nacheza dansi moja, narudi kukamua. Mtu gani analala kwenye harusi?"

Kisha kituo kikafunguliwa. Ni jengo lisilo na ghorofa, kati ya duka la matairi na benki, na halina wodi ya kulaza watu kwa sababu hakuna anayelala. Unaingia alfajiri na tumbo tupu, unachomwa sindano ya ganzi, goti bovu linatolewa, la chuma na plastiki linawekwa. Mchana unasimamishwa, unatembezwa, unapandishwa ngazi za mazoezi. Alasiri uko kwako. Arlys aliposikia kwamba atawahi ukamuaji wa jioni, alikubali siku hiyo hiyo.

Hakusema kama atawahi kuutazama au kuufanya, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Nesi Corinne Zastrow ndiye anayeamua kituoni nani yuko tayari kwenda nyumbani. Ni mwanamke mpole wa sura, mkali wa macho, na amewachoka watu wa bonde hili kwa upendo mwingi.

"Ngazi si tatizo," anasema. "Watu wa huku watapanda ngazi hata kama mguu unadondoka. Tatizo langu ni midomo yao. Namuuliza mgonjwa, maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi? Ananiambia mbili. Jasho linamtoka, ameng'ata shuka, mbili! Nikimwambia mama, sema ukweli, ananiongezea: basi iwe mbili na nusu, lakini sitaki kukusumbua."

Hapo Corinne hajaongeza chumvi. Huku kwetu mtu akikatwa kidole na msumeno atakwambia amepata mkwaruzo, kisha atakuomba radhi kwa kukuchafulia kiti cha gari. Kulalamika tunakuona ni kumtwisha mwenzako mzigo, na mwenzako naye ana ng'ombe wake wanamsubiri. Ndivyo tulivyolelewa, na tumewasumbua manesi wengi kwa malezi hayo.

Siku ile ya Oktoba, goti la kulia lilipobadilishwa, Arlys alisema maumivu ni moja. Na kwa kweli hakuwa anadanganya. Ganzi inayopigwa mguuni hubaki hadi kesho yake, wakati mwingine hata zaidi, na mgonjwa anayetoka nayo hujiona amepona kabisa. Corinne alimweleza mara mbili: dawa ikiisha utalia, na kabla haijaisha usiuamini mguu wako.

Alimweleza mbele ya shahidi. Kituo hakimruhusu mgonjwa kuondoka bila mtu mzima wa kumpeleka nyumbani na kulala naye nyumba moja, na Arlys alikuja na mdogo wake, Verlyn Haugen, mpeleka barua mstaafu.

"Mimi ndiye nilikuwa askari jela," anasema Verlyn huku akijicheka. "Kasoro mfungwa alikuwa dada'angu. Tangu nina miaka mitano akiniambia kaa, nakaa."

Saa tisa alasiri Arlys alikuwa kwenye kochi lake, mguu juu ya mito, barafu juu ya goti. Majirani walikuwa wameshaleta vyakula, kila bakuli na jina la mwenyewe limebandikwa kwa chini ili lirudi lilikotoka: viazi na nyama ya kusaga kutoka nyumba tatu tofauti, na chapati za viazi. Verlyn alikula. Akaketi. Akasinzia.

Saa kumi na moja pampu ya mashine iliwashwa bandani.

"Nikaona mguu hauumi," anasema Arlys. "Nikakunja, nikakunjua. Hakuna kitu! Nikasema, hawa madaktari wanatisha watu tu. Mguu mzuri hivi niutazamie televisheni?"

Alichukua fremu yake ya kutembelea, akavaa buti moja kwa kuwa la pili halikuingia kwenye mguu uliovimba, akatokea mlango wa jikoni.

Bandani alikuwapo Yamileth Centeno, mwanamke wa miaka arobaini kutoka Nicaragua, ambaye ajira yake iko shamba la jirani na huja kwa Arlys penye shida. Siku hizi, goti la kushoto lilivyozidi, shida ni kila siku, na asubuhi hii yuko mstari wa pili akikamua huku akisikiliza mazungumzo yetu. Anadakia mwenyewe.

"Mimi sikumsikia akiingia, pampu inapiga kelele. Naona hiyo fremu imesimama peke yake katikati ya njia. Nikasema, Mama Maria, mwenyewe yuko wapi? Naangalia, bosi yuko chini ya Mabel! Nikamwambia, bosi, unafanya nini hapo? Ati, nakuonyesha. Unanionyesha nini, na mimi nakamua tangu sijaota meno?"

"Ulikuwa umemvalisha vibaya," Arlys anasema kutoka upande wa pili.

"Sikuwa nimemvalisha kabisa! Nilikuwa sijamfikia!"

Arlys alijaribu kuinuka. Mguu ambao haukuuma ulikuwa vilevile hausikii amri. Ulilegea, na yeye akaenda nao chali hadi kwenye mfereji wa kinyesi, na bandeji yake.

Jioni ile hakuna aliyecheka. Uchafu ukishapenya hadi kwenye goti la chuma, goti lote hufunguliwa upya, na wapo waliomaliza safari hiyo wakiwa wamepoteza mguu. Yamileth alimtoa mferejini akiwa amemkumbatia kwa nyuma. Verlyn aliamshwa na kelele, akaendesha gari hadi hospitali kubwa ya jijini akilia waziwazi, na Arlys akimwambia punguza mwendo, si kitu, ni uchafu kidogo tu.

Bahati ilikuwa yake. Mshono ulikuwa umeachia kidogo pembeni na uchafu haukufika ndani. Alisafishwa, akatundikiwa dawa, akalazwa siku nne. Yeye aliyekuwa akizikimbia tatu.

Kesho yake usiku ganzi ilikwisha. Nesi wa huko alipomuuliza ni ngapi, alisema saba.

"Saba," Arlys anarudia, na anatazama pembeni kama mtu aliyetaja jambo la aibu.

Lakini goti silo lililomuumiza zaidi. Hili Arlys analieleza wakati Yamileth ametoka nje kumwaga ndoo, na analisema haraka haraka, ameinama, mikono haiachi kufuta kiwele ambacho kimeshakuwa safi.

"Nilivyorudi nilikwenda kwanza kwenye tangi. Dereva wa lori la maziwa alikuwa pale anavuta maziwa. Nikamuuliza, hizi siku nne wameshuka kiasi gani? Nilikuwa na uhakika wameshuka. Maisha yangu yote nimewaambia watu, ng'ombe wangu wanaujua mkono wangu. Akaangalia kipimo chake. Akaniambia, kama kawaida tu, Arlys, hata kikombe hakijapungua."

Anavuta mashine, inagoma, anaivuta tena.

"Nikamwambia vizuri, asante. Nikaingia ndani nikalia. Ndiyo, nililia! Andika tu. Milo nilimzika sikutoa chozi mbele za watu, halafu nikaja kulilia tangi lililojaa."

Inauma kumsikia. Mwandishi anamshikia ndoo.

Mwezi uliopita Corinne alimwambia yuko tayari kumpokea tena kwa goti la kushoto, ila kwa sharti moja. Harudi shambani. Anakwenda kwa Verlyn, mjini, siku kumi, na haji kuchungulia hata mara moja. Akikataa, aende jijini akalazwe, na huko hakuna nafasi hadi kiangazi.

"Sheria yetu ni kumrudisha mgonjwa nyumbani," Corinne anaeleza. "Nikakaa nikajiuliza, nyumbani kwa huyu mama ni wapi? Pale pake ni kazini. Nitamtuma mgonjwa kazini na bandeji? Wiki tatu nampigia simu, na wiki tatu ananiambia anaosha ndoo."

Verlyn, kwa upande wake, amejiandaa vya kutosha. Ameshusha kitanda chini asipande ngazi, na amenunua kahawa kali ya kumzuia yeye mwenyewe kusinzia. "Funguo za gari nimeficha," anasema. "Zangu na zake. Zake bado anazitafuta."

Ndiyo hali ilivyo. Mwanamke aliyechagua upasuaji wa siku moja ili asikose hata ukamuaji mmoja, sasa ili aupate tena anatakiwa kukosa siku kumi nzima.

Saa kumi na mbili inakaribia. Wamebaki ng'ombe wawili. Arlys anajishusha kwa wa kwanza, anavalisha vikombe, anashika nyonga ya ng'ombe ainuke, na haendi popote. Anajaribu tena. Goti la kushoto linalia na mkono unateleza. Anakaa kitako kwenye majani makavu, polepole, kana kwamba alipanga. Mwandishi anapiga hatua.

"Niache," anasema. "Na usiandike kwamba nimeanguka. Nimekaa."

Yamileth anakuja. Hampi mkono. Anachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao ziko sawa.

"Unafanya nini huko chini, bosi?"

"Napumzika."

"Wewe hupumziki. Umekwama."

"Kukwama si kuanguka."

"Simu umepiga?"

"Saa sita bado."

"Unaogopa nini wewe? Kisu?"

"Kisu!" Arlys anakoroma kwa dharau. Pampu inapiga, inapiga. "Naogopa tangi," anasema.

Yamileth haelewi. Arlys anamweleza kwa hasira, maneno yanakimbizana: siku nne, kipimo cha dereva, kikombe kisichopungua, kilio cha jikoni. Siku kumi itakuwaje? Akirudi na magoti mawili mapya atamrudia nani, kama hapa kila kitu kimekwenda sawasawa bila yeye? Yamileth anasikiliza hadi mwisho. Kisha anacheka, anacheka mpaka ng'ombe wa jirani anageuza kichwa.

"Kwa hiyo ulitaka wagome? Maziwa yawakae kiweleni, wapate homa, uje ukute hamsini wanaumwa. Hapo ndipo roho yako ingetulia?"

"Kidogo," anasema Arlys.

"Haya. Sikiliza basi." Yamileth hacheki tena. "Mimi nina watoto wawili kwa mama'angu, Matagalpa. Wanakula vizuri kwake. Wamenenepa! Ananitumia picha, naona mashavu hayo, unajua nasema nini moyoni? Nasema, jamani, si wangepungua hata kidogo? Mama mzima! Nimekosa usingizi kwa mashavu ya watoto wangu. Lakini nikipiga simu wanagombania simu. Mpaka wanapigana."

"Hawa hawana simu," anasema Arlys.

"Hawa wana shingo. Siku nne zile, kila nikifungua mlango, shingo zote zinageuka. Zote, bosi! Wanaona ni mimi. Wanarudi kula."

Arlys anatazama mlango. Anatazama mstari wa vichwa unaotafuna. Macho yamelowa na safari hii hajifichi.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulimuuliza dereva wa lori."

Arlys ananyoosha mkono wake. "Hebu niinue," anasema, na Yamileth anamwinua.

Simu anapiga palepale, ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, kituo kikiwa ndiyo kwanza kinafunguliwa. "Corinne? Arlys hapa. Siku kumi. Ndiyo, kwa Verlyn. Nimesema kumi, mwanangu, usinifanye nirudie, naweza kubadilika."

Ukidhani sasa atatulia, bado humjui. Ng'ombe wa mwisho hajamaliza kukamuliwa na Arlys ameshaanza kupanga. Magoti yote mawili yakipona anataka miaka kumi mingine bandani. Anataka kuivunja sakafu wanaposimama ng'ombe upande mmoja na kuiinua, ili mkamuaji asichuchumae tena, na asitokee mwingine wa kutafunwa magoti na banda hili. Na anataka jambo moja zaidi. Hili hamwambii mwandishi. Anamgeukia Yamileth.

"Kila ndama jike wa tatu atakayezaliwa hapa, awe wako. Kwa jina lako. Baada ya miaka kumi nusu ya banda itakuwa yako, mimi nitakuwa bibi kizee, utanifukuza."

Yamileth anafuta mikono kwenye aproni. Anaifuta kwa muda mrefu.

"Sijibu leo."

"Kwa nini? Si ng'ombe wazuri hawa?"

"Wazuri. Lakini Jumanne unakwenda kwenye kisu, na leo unagawa mali. Mimi sipokei ng'ombe kwa mtu anayeaga. Nenda. Ukirudi hapa na miguu yako miwili, umesimama, niulize tena."

Arlys anavua vikombe kwa ng'ombe wa mwisho.

"Nitakuuliza kabla hata sijavua koti," anasema. "Uwe na jibu."